Jinsi ya Kuitunza Damu ya Mbuzi Kwenye Kanzu Nyeupe

Nianze kwa kuwaonya wenye haraka: doa la damu ni dhaifu sana linapozaliwa. Ukiliwahi likiwa bado jekundu na ukalipeleka chini ya bomba, maji baridi yanalichukua karibu lote kabla hujamaliza kumjibu jirani salamu yake. Likishatoka hivyo huna tena cha kusimulia, na nguo yako itafanana na nguo za watu wengine wote.

Doa la kudumu ni jambo jingine. Halipatikani kwa bahati, wala mtu mmoja hawezi kulitengeneza peke yake. Linataka ukoo mzima, tena ukoo wenye wataalamu. Mimi ninalo. Lilianzia kifuani mwa kanzu yangu asubuhi ya Idd el-Hajj, uani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye saa tatu na robo, na kufika adhuhuri lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu saba, wawili kati yao wenye shahada. Kanzu siku hizi haivaliki. Doa lipo, zima kabisa.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa anayetaka kufika nilipofika. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu miongozo hupangwa kwa hatua, ingawa siku ile zote zilitokea karibu kwa pamoja, huku mtu jikoni akiuliza nani kachukua kisu cha vitunguu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua nguo. Usivae fulana kuukuu, wala ile suruali ya kupakia rangi nyumba. Vaa nyeupe, na iwe mpya. Yangu ilikuwa ya pamba iliyochanganywa na polista, imetoka kwa fundi usiku wa kuamkia Idd, ina tarizi ya rangi ya maziwa shingoni. Nilikuwa nimeswalia swala moja tu ndani yake. Mkunjo wa pasi ulikuwa bado umesimama mikononi kama makali ya wembe. Mama alipoona sikuivua baada ya kurudi kutoka kuswali alisema, "Mwanangu, kabadili nguo kwanza." Nikamwambia mimi si mchinjaji, mimi natazama tu. Kauli hiyo ni muhimu. Usiiruke.

Kisha tafuta mahali pa kusimama. Nilichagua upande wa kaskazini wa shimo la damu, chini ya mwembe, ambako jua lilikuwa nyuma yangu na mwanga unapiga vizuri. Mbuzi alikuwa beberu mwekundu mwenye ndevu, na watoto walikuwa wameshafanya mizaha yote inayofanyika nchi hii kila linapotajwa neno beberu. Mchinjaji akaja, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akasoma, akapitisha kisu.

Hapa kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi mapema. Damu ni kama asilimia 7 ya uzito wa mnyama. Beberu wa kilo 30 ana lita 2 za damu na ushei, na kisu kikikata koo, umio na ile mishipa miwili mikubwa ya shingo kwa pamoja, moyo bado unapiga. Moyo ni pampu. Pampu haijui kwamba bomba limekatwa. Mpigo wa kwanza uliingia shimoni kama ilivyokusudiwa. Wa pili ulinifuata.

Lilikuwa doa refu jembamba, limeanzia chini ya tarizi na kuteremka mpaka usawa wa kitovu, limepinda kidogo kiunoni. Ukiwahi kutazama ramani ya Ziwa Nyasa umeliona. Pembeni kulikuwa na matone sita madogo upande wa Songea na moja kubwa Malawi.

Hatua ya pili: usifanye lolote. Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, maana mkono wenyewe unataka kukimbilia maji. Uzuie. Siku ya Idd sababu ziko tele. Kuna watu wa kupokea, kuna mbuzi wa kuning'iniza, na zaidi ya yote kuna ini. Ini la Idd haliwezi kusubiri. Linakatwa vipande, linatiwa kitunguu, chumvi na ndimu, linaliwa na mkate wa kusukuma likiwa linafuka, na mtu mwenye akili haondoki karibu na kikaango kwa ajili ya nguo. Nilikaa pale nusu saa nzima na kanzu yangu, na kila aliyepita aliniambia, "Una damu hapo," nami nikawa nashukuru.

Katika nusu saa hiyo damu ilikuwa inajifanyia kazi yake. Kwanza huganda, hilo huchukua dakika chache tu. Nyuzinyuzi za protini hujifuma ndani yake, zikanasa kwenye nyuzi za kitambaa kama nyavu mbili zilizotupwa mahali pamoja. Halafu maji hukauka. Halafu rangi huanza kugeuka, kwa sababu wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, na katikati ya hemoglobini kuna chuma, na chuma kikikaa hewani hakibaki kilivyokuwa. Ndiyo maana doa jipya ni jekundu kama ua la mkrismasi na la jana ni la kahawia kama chai ya rangi. Nilipomaliza ini, Ziwa Nyasa lilikuwa limeshaanza kuiva kwenye fukwe zake.

Sasa ita wataalamu. Huna haja ya kuwaita kwa sauti. Vua tu kanzu na uishike mkononi kama mtu anayetafuta pa kuitundika.

Hatua ya tatu, nayo ndiyo nguzo ya mwongozo wote, ni maji ya moto. Wa kwanza kufika alikuwa mama mdogo na birika lake. Alikuwa ameshachemsha maji ya chai ya wageni, na kwa huruma akasema wageni watasubiri. Alilimimina lile birika lote ndani ya karai, juu ya kanzu, mvuke ukampanda usoni, akasema, "Uchafu wowote unaogopa moto."

Sitamcheka mama mdogo, maana elimu yake ni ya kweli. Imekosea mlango tu. Maji ya moto yanaondoa mafuta. Aliyeosha sufuria ya pilau kwa maji baridi anajua alivyoteseka. Lakini damu si mafuta, damu ni protini, na protini ikipata moto hufanya kile ambacho yai hufanya. Pasua yai bichi juu ya meza, utalipangusa kwa kitambaa cha maji. Likaange kwanza, kisha ulibandue. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi na kuendelea, protini za damu huanza kukunjuka na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na zikishashikana ndani ya uzi wa pamba zimehamia, zimepata kiwanja, zimejenga. Maji ndani ya karai yaligeuka rangi ya waridi kidogo, mama mdogo akayaonyesha kwa ushindi: "Si unaona inatoka?" Ilitoka ile iliyokuwa haijaamua. Iliyobaki ilikuwa ya kahawia na imetulia.

Mpaka hapo tayari una doa zuri. Watu wa kawaida wangeishia hapo. Sisi tulikuwa na mjomba.

Mjomba wangu alifundisha sayansi sekondari kwa muda mrefu, na mwalimu aliyestaafu ni mtu wa kuogopwa kwa sababu hoja zake zinafuatana. Alisema hivi. Damu ina chuma. Chuma kikikaa hewani hupata kutu. Dawa ya kutu kwenye nguo, tangu enzi za bibi zake, ni ndimu na jua. Kwa hiyo leteni ndimu. Hakuna aliyeweza kumpinga. Hata mimi niliona kama nimesikia kitu cha kuandikwa. Ndimu nne zikakatwa, zikakamuliwa, kanzu ikatandazwa juu ya bati la banda la kuku, jua la Tanga la saa nne likakabidhiwa.

Ndimu kweli inaondoa kutu. Asidi yake inakishika chuma na kukichukua. Lakini chuma cha damu hakijalala juu ya nguo kama kutu ya msumari. Kimefungwa ndani ya protini, na protini ikipata asidi inaganda zaidi. Hili mjomba alilijua vizuri kuliko sisi sote. Nimemwona kwa macho yangu akikamulia ndimu maziwa ya moto ili yakatike, na dakika chache kabla alikuwa amekula ini lililopauka kwa ndimu hata kabla halijagusa kikaango. Lakini mtu haleti yote anayoyajua mahali pamoja, hasa siku ya sikukuu.

Hatua ya nne sitaki muifuate, na hapa naacha mzaha kwa aya moja. Shemeji alitoka ndani na ile dawa ya chupa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo kila mtu huiita kwa jina la kampuni moja hata ikiwa imetengenezwa na nyingine. Hakuipunguza na maji. Aliimwaga juu ya kanzu ambayo bado ilikuwa mbichi kwa ndimu. Dawa hiyo ni hipokloriti, na ikikutana na asidi, iwe ndimu, iwe siki, iwe dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine zisizo na nafuu. Harufu ilipanda, ikatuingia puani kama pilipili, watu watatu wakakohoa mpaka machozi, na kuku wakahama banda. Tulikuwa nje penye upepo, ndiyo salama yetu. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha mambo yangekuwa mengine. Usichanganye.

Tukirudi kwenye furaha yetu: hipokloriti juu ya damu iliyokwisha kuiva haiondoi doa, inalibadilisha cheo. Ukahawia ulipungua, ukageuka manjano ya mkojo wa mtu mwenye homa, na ukapata mpaka. Pembeni, mahali ambapo hapakuwa na damu, dawa ile kali ikaanza kula uzi wa pamba na kuuacha wa polista, hivyo kitambaa kikawa chembamba kama chandarua kuukuu. Tarizi ya rangi ya maziwa ikawa nyeupe upande mmoja.

Kilichobaki ni kulipiga muhuri, na muhuri ni pasi. Binamu yangu alitaka nguo ikauke haraka ili "tuone tumefikia wapi". Akaiweka juu ya meza, akaweka pasi kwenye alama ya pamba, ambayo ni moto mkali sana, akaipitisha taratibu, mbele na nyuma, kwa ile bidii ya mtu anayesaidia. Harufu ilikuwa ya nyama choma ya mbali. Alipoinua pasi, Ziwa Nyasa lilikuwa limekaa pale limenyooka, halina hata kikunjo, kama lililochapwa kiwandani. Mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi kuna kanzu zenye michoro.

Kwa kuwa natoa mwongozo kamili, lazima niwataje pia maadui, yaani vile vitu ambavyo vingeiharibu kazi yetu kama mtu angevileta mapema.

Adui mkubwa ni maji baridi, na nimeshamtaja. Anayefuata ni sabuni ya mche: unaipaka juu ya doa lililolowa, unafikicha nguo kwa nguo, unasuuza, unarudia, ukifanya kazi hiyo kwa upande wa ndani wa kitambaa ili damu isukumwe nje ilikotoka badala ya kuzamishwa. Kijiko cha chumvi kwenye maji ya kulowekea hakidhuru, ingawa kisitarajiwe miujiza. Doa likiwa limeshakauka, kulilaza kwenye maji baridi usiku kucha, ukibadilisha maji yakiiva rangi, kunaweza kukuharibia kabisa matumaini.

Mate nayo yana sifa mitaani. Fundi cherehani akijichoma sindano na tone likaangukia nguo ya mteja, hasemi neno. Anatema mate kidogo pale pale, anasugua kwa kidole, doa halipo. Watu husema ni kwa sababu mate ya mtu yanaitambua damu yake. Maneno matamu hayo, lakini kimeng'enya kikuu cha mate ni cha kumeng'enya wanga. Kingefaa zaidi ungejimwagia uji. Siri ya fundi ni kwamba mate ni majimaji, si ya moto, na yamefika ndani ya sekunde tatu. Mteja akiwa anagonga mlango, hakuna anayesubiri birika.

Duka la dawa lina adui wake, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Mfaransa Louis Jacques Thénard aliigundua mwaka 1818, na huuzwa kwenye chupa ya rangi nzito kwa kuwa mwanga unaivunja. Ukiidondoshea damu inachemka povu jeupe kwa sauti ndogo, kama soda iliyotikiswa. Anayeifanya ichemke ni damu yenyewe: ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi, chenye kasi ya ajabu, ambacho huivunja peroksaidi iwe maji na oksijeni. Kwa nguo nyeupe ni hatari sana kwa mradi kama wetu, maana doa linaweza kutoka. Kwa kanga, hata hivyo, unaweza kupata tumaini jipya, kwa sababu peroksaidi hiyo hiyo inapausha rangi: damu itaondoka na ua la pindo nalo, na jina la kanga likabaki nusu. Ijaribu kwanza kwenye ncha isiyoonekana, kama wewe ni mtu wa kujaribu.

Kisha kuna papai, na hapa ndipo ninapoumia. Mti wa papai ulikuwa pale pale uani, hatua kumi kutoka kwenye karai. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba mishikaki ikigoma kulainika unaitia papai bichi, na ukiisahau usiku kucha asubuhi unakuta uji. Utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Damu ni protini. Wataalamu saba walisimama chini ya mti huo, wanne kati yao walishawahi kuitia nyama papai wiki ile ile, wakazungumzia chuma. Wenye viwanda waliliona jambo hili zamani: mwaka 1913 mkemia Mjerumani Otto Röhm aliomba hataza ya kufua nguo kwa vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho za wanyama, na sabuni nyingi za unga za leo zina ndugu zao, ila siku hizi hutengenezwa kwa msaada wa bakteria. Sabuni hizo zinataka maji ya uvuguvugu na muda wa kuloweka. Ukizichemsha, kimeng'enya nacho ni protini, nacho kinakuwa yai. Mwenye kinyongo na wifi yake aelewe kwamba hariri na sufu pia ni protini. Mtandio wa hariri ukilowekwa humo usiku kucha unaweza kuamka umedhoofu kuliko doa lake.

Madoa mengine nitayapita upesi. La mbu kwenye shuka ni damu ya mtu, pengine yako mwenyewe, iliyochukuliwa na mbu jike, maana dume hanyonyi. Umerudishiwa tu kwa njia isiyopendeza. Na godoro dawa yake taifa zima linaijua, nayo ni kuligeuza upande wa pili.

Anayefua damu ya mtu mwingine kwa sababu za kipolisi, mwongozo huu haumhusu. Tangu mwaka 1937, Mjerumani Walter Specht alipoonyesha kazi ya luminoli kwenye eneo la tukio, mabaki ya damu ambayo jicho haliyaoni hung'aa rangi ya buluu gizani. Kanzu yangu haihitaji luminoli. Inaonekana kutoka barabarani.

Na wapo ambao hawakutaka doa litoke kwa sababu zenye maana. Kwenye ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na ikachapishwa mwaka 1963, Antonio anasimama mbele ya umati wa Roma na vazi la Kaizari lenye matundu na damu, na kabla hajamaliza kuzungumza mji mzima umegeuka. Kaizari wa kweli, aliyeuawa mwaka 44 KK, alihesabiwa majeraha 23. Kama katika ukoo wa Kaizari angekuwepo mtu mwenye akili na ndoo ya maji baridi, historia ya Roma ingekuwa fupi. Nilijaribu kuitumia hoja hiyo kwa fundi wangu nilipomwomba anishonee nyingine kwa bei ya zamani. Hakugeuka.

Bibi alikuwa kwenye mkeka barazani muda wote huo, anachambua mchele. Alikuja uani pasi ilipokuwa imeshamaliza kazi. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba, akaichukua kanzu, akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya ziwa.

"Mlitia maji ya moto."

Hakuuliza. Mama mdogo akatazama birika.

"Mwanamke," bibi akasema, "anafua damu kila mwezi tangu hajaota vizuri maziwa. Anafua alfajiri watu wamelala, anaanika ndani ya kanga nyingine isionekane, na hajawahi kuitisha kikao. Nyinyi mbuzi mmoja tu, mpaka kuku wamehama."

Kikao kikanyamaza. Nikakumbuka chuoni, tukiwa wadogo, tulisomeshwa mlango wa tohara mpaka tukausema kwa kulala. Mwanamke mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, afanye nini damu ya hedhi ikiingia nguo yake. Asma binti Abubakar ndiye aliyesimulia, na Bukhari na Muslim wote wameipokea. Akaambiwa aikwangue, aifikiche kwa maji, aisuuze, kisha aswalie nguo hiyo hiyo. Hakuna birika hapo, hakuna ndimu, hakuna pasi. Na wanazuoni wakaongeza kwamba ukishafua kwa juhudi na rangi ikakataa kutoka, iliyobaki imesamehewa. Sisi sote tuliosimama kuzunguka karai lile tulisoma mlango huo. Mjomba alipata zawadi.

Nikamwuliza bibi kama basi kanzu hii naweza kuiswalia.

"Kuiswalia unaweza," akasema. "Kuivaa mbele za watu ndiyo shughuli." Akanirudishia, akarudi kwenye mchele wake.

Mchinjaji alipita tena baada ya swala ya adhuhuri kufuata ujira wake. Tulimpa fedha, maana mchinjaji halipwi kwa nyama wala ngozi ya mnyama wa dhabihu. Nyama tulimfungia kama zawadi, kando. Alikuwa ameshachinja mbuzi tisa na ng'ombe mmoja tangu asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, imekunjwa mikono mpaka kwenye viwiko, na niliizunguka polepole nikijifanya natafuta chenji. Nilitazama pindo. Nilitazama kifua. Hakukuwa na tone.

"Mzee," nikamwambia, "wewe damu unaitoaje?"

"Haijawahi kuniingia."

"Hata mara moja?"

Akaniangalia, akaangalia kanzu yangu iliyoning'inia kwenye kamba na ziwa lake, akaangalia shimo tulilokwisha kulifukia chini ya mwembe.

"Mbuzi akichinjwa," akasema, "koo linaelekezwa wapi?"

"Kibla."

"Na mimi nakaa wapi?"

"Mgongoni mwake."

"Haya. Na hapa Tanga kibla ni kaskazini." Akaweka fedha mfukoni. "Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nilikuwa kaskazini, kwenye mwanga mzuri, narekodi video.